Sister Kenny hakuwa na digrii, lakini ile video inakatwa mapema

Kuna video mnanitumia karibu kila mwezi, na mnajijua. Picha ya zamani, mama wa Kizungu amevaa kofia kubwa kama ya harusi, muziki wa kuliza watu, halafu maandishi: hakuwahi kusomea uuguzi, lakini alifunza madaktari wa Marekani. Mwisho wa video kuna mtu anauza kozi yake ya kutengeneza pesa mtandaoni. Na chini yake mmoja wenu ameandika jina langu: "Kama wewe tu, buda."

Nashukuru. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinishinda na kusema ukweli hata masomo yalikuwa yananishinda, na sijawahi kuficha hiyo story. Kwa hivyo kila mtu aliyefaulu bila cheti analetwa kwangu kama jamaa yangu wa ukoo. Lakini hii ya Sister Kenny nimeifuatilia kwa sababu zangu mwenyewe, na ninawaambia video inakatwa pale ambapo mambo ndiyo yanaanza.

Sababu zangu ni shosho. Mwaka jana mwezi wa pili alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Tukamkimbiza hospitali ya kaunti, na jioni hiyo hiyo anko akaanza kumsimamisha kando ya kitanda. Anko ni mtu wa nguvu, anaamini mgonjwa akizoea kitanda kitanda nacho kitamzoea. Fizio wa wadi, kijana ambaye hata miaka 30 sidhani amefika, akamwomba amrudishe shosho chini polepole. Anko akawaka. Akamuuliza kama huko chuoni hawakumfunza kwamba mtu wa kiharusi anaamshwa mapema.

Yule kijana akasema, "Nilifunzwa hivyo, mzee. Halafu nikafunzwa tena."

Hayo maneno yamekaa kwa kichwa yangu mwaka mzima. Baadaye nilimuuliza ni nini alifunzwa tena, akanieleza. Mwaka wa 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti unaoitwa AVERT, ulioongozwa na Julie Bernhardt wa Australia. Wagonjwa 2,104 wa kiharusi, hospitali 56, nchi 5. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Lingine lilianza kuinuliwa ndani ya saa 24 za kwanza, mapema zaidi na kwa wingi zaidi. Wengi kwa hiyo kazi walikuwa wanasubiri kundi la pili lishinde. Baada ya miezi 3, waliokuwa wamepona vizuri kundi la kawaida walikuwa asilimia 50. Kundi la kuinuliwa sana, 46. Tofauti si kubwa, lakini imeenda upande ambao haukutarajiwa. Na si kwamba mgonjwa aachwe alale tu. Walipochambua zaidi walipata kwamba vipindi vifupi vinavyorudiwa ndivyo vinasaidia, kile kinachoumiza ni kumkalisha na kumsimamisha kwa muda mrefu siku ya kwanza.

Sasa mfikirie fizio aliyemaliza chuo 2010. Cheti chake kiko kwa ukuta, kimewekwa fremu, mama yake alilia siku ya mahafali. Hicho cheti hakijui 2015 kulitokea nini.

Hapo ndipo nikaanza kusoma historia ya hii kazi, na nikagundua shida hii ni ya zamani kuliko mimi, anko na shosho tukijumlishwa.

Kazi yenyewe ilizaliwa na aibu. London, 1894. Kulikuwa na nyumba nyingi zinatangaza masaji kwa magazeti, na jarida la madaktari, British Medical Journal, likaandika wazi kwamba baadhi ya hizo nyumba ni madanguro yenye jina zuri. Wauguzi na wakunga waliokuwa wanafanya masaji ya kweli, ya tiba, wakajikuta wanaangaliwa vibaya. Wanne kati yao, Rosalind Paget, Lucy Robinson, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wakaunda chama cha wanamasaji waliofunzwa. Wakaweka mitihani. Wakaweka masharti: hufanyi kazi bila maelekezo ya daktari, hujitangazi kwa magazeti ya kawaida, huwauzii wagonjwa dawa, na masaji ya mwili mzima kwa wanaume marufuku. 1920 wakapata hati ya Mfalme, na tangu 1944 chama kinaitwa Chartered Society of Physiotherapy.

(Ukimwambia mtu hapa Nairobi wewe ni fizio, bado kuna mjanja atakukonyeza akuulize bei ya masaji. Miaka 130, wasee.)

Angalia lakini cheti kilianza kwa sababu gani. Kilikuwa cha kusema: huyu ni mtu wa heshima, na siku ya mtihani alijua kazi. Miaka 20 baadaye kama bado anajua, cheti hakisemi.

Marekani wao waliingia kwa njia ya vita. Vita vya Kwanza vya Dunia vilirudisha vijana bila mikono na miguu, jeshi likafunza wanawake wa kuwasaidia, na 1921 wakaunda chama chao, Mary McMillan akiwa rais wa kwanza. Halafu polio ikawapa kazi miaka 30 iliyofuata.

Kwa polio sasa mnivumilie, kwa sababu bila hii huwezi kuelewa Kenny.

Virusi vya polio vinashambulia neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli. Mtoto analala mzima, kesho kutwa mguu hausikii. Wazazi wenu wanajua, hata huku kwetu kuna wazee wengi wenye mguu mmoja mwembamba. Miaka ya 1930 tiba iliyofundishwa kwa vyuo bora ilikuwa hivi: funga. Mguu uwekwe kwenye banzi au plasta, mtoto alazwe kwa fremu, wiki nyingi, wengine miezi. Haikuwa ukatili na haikuwa ujinga. Waliogopa kwamba msuli uliobaki na nguvu utauvuta ule dhaifu na mfupa upinde, kwa hivyo dawa ni kutuliza kila kitu. Walikuwa na vitabu, walikuwa na chati, walikuwa na leseni. Na watoto walikuwa wanatolewa plasta wakiwa wamekauka.

Huyu mama wa video sasa. Elizabeth Kenny alizaliwa 1880 Warialda, New South Wales, Australia. Chuo cha uuguzi hakwenda. Alijifunza kwa kufanya, akawa anazunguka vijijini Queensland kwa farasi akizalisha akina mama na kufunga vidonda. Vita vya Kwanza akahudumu kwa meli za kusafirisha majeruhi, na huko ndiko alipata cheo cha Sister, ambacho hakina uhusiano na utawa, ni kama vile sisi tunamwita "sista" muuguzi wa wadi. Alibaki nalo maisha yote. 1927 akapata hataza ya machela yake ya kubebea wagonjwa mahututi. Yaani mama alikuwa na akili ya mikono, hilo hakuna mtu anaweza kumnyang'anya.

Kwa simulizi yake mwenyewe, alipokutana na polio mara ya kwanza hakujua ni nini. Aliona misuli imekakamaa na mtoto analia kwa uchungu. Akachukua blanketi la sufu, akalikata, akalichovya kwa maji moto, akalikamua likawa karibu kavu, akalifunga kwa mguu. Uchungu ukapungua. Kisha akaanza kuusogeza mguu taratibu, akimwambia mtoto aufikirie, aukumbuke, aujaribu. Hakufunga chochote.

Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1930 akafungua kliniki Townsville. Watu wakajaa. Madaktari wakakasirika. Serikali ya Queensland ikaunda Tume ya Kifalme kumchunguza, na 1938 tume ikatoa ripoti ya kumkataa kabisa. Hebu soma hiyo sentensi tena ukijua kwamba leo hakuna mtu anafunga mtoto wa polio kwa plasta miezi mitatu.

Aprili 1940 akapanda meli kwenda Marekani na binti yake wa kulea, Mary. New York wakamsikiliza nusu nusu, Chicago vilevile. Karibu arudi nyumbani. Minnesota ndiko alipata madaktari watatu, Wallace Cole, Miland Knapp na John Pohl, waliokubali kitu kidogo sana: kumpa wagonjwa na kumwangalia. Wakaangalia. Wakaandika walichoona. Desemba 1942 taasisi ya jina lake ikafunguliwa Minneapolis.

Na hapa ndipo penye utamu, na video hairuki hapa tu, haijui kama kuna kitu hapa. Wakfu wa kupambana na polio aliouanzisha Rais Roosevelt 1938, Roosevelt ambaye mwenyewe alipooza, ukalipia kozi katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Wanafunzi wa hizo kozi hawakuwa vijana wa kidato cha nne. Walikuwa madaktari, wauguzi na mafizio waliohitimu zamani, watu wenye kazi, wengine wenye miaka ya kufunga mabanzi. Walipanda treni wakaenda kukaa mbele ya mama asiye na cheti, awaonyeshe jinsi ya kukunja blanketi.

Mimi nimejaribu kujiweka kwa hiyo nafasi. Una miaka 15 kazini. Kuna watoto uliowafunga wewe mwenyewe, kwa mikono yako, kwa upendo. Halafu unasimama kwa wadi Minneapolis unaona mtoto aliyeachwa bila plasta anainua goti. Unaandika nini kwa daftari siku hiyo? Unamwambia nini mama wa yule wa mwaka jana? Ile kozi ilikuwa inawaambia kwamba walichokijua kwa uhakika kilikuwa kinaumiza, kisha Jumatatu warudi kazini.

Wakarudi. Waliporudi kwa hospitali zao wakabadilisha wadi. Katikati ya miaka ya 1940 plasta na mabanzi ya polio yalikuwa yamepungua sana Marekani, na hiyo haikufanywa na Kenny peke yake. Mikono yake ilikuwa miwili. Ilifanywa na hao waliopanda treni.

Sasa kile kipande ambacho wauza kozi hawawezi kukuonyesha. Kenny alikuwa sahihi kwa mikono na amekosea kwa maelezo. Alishikilia kwamba polio ni ugonjwa wa misuli, kwamba msuli umekakamaa na akili imeusahau. Hakukubali kwamba shida kuu ni neva kufa. Wataalamu wakamwonyesha maiti zilizopasuliwa, wakamwonyesha uti wa mgongo, yeye akasimama pale pale. Aliyebisha alikuwa adui. Alilalamika pia kwamba kozi fupi hazitoshi na watu wanatumia jina lake vibaya, na hapo enyewe alikuwa na haki. Juni 1944 kamati ya madaktari wa mifupa chini ya Ralph Ghormley ikachapisha ripoti kali kwa jarida la chama cha madaktari wa Marekani, ikiyakataa madai yake mengi. Kwa umma haikumgusa. 1946 Hollywood ikatoa filamu, Rosalind Russell akiwa yeye. 1951 kura ya maoni ya Gallup ikamtaja mwanamke anayependwa zaidi na Wamarekani, mbele ya Eleanor Roosevelt. Akafa 1952, Toowoomba, bado akiamini nadharia yake.

Kwa hivyo ukiniambia "kama wewe tu," mimi nauliza: upande upi? Ule wa kuona kile wenye vyeti hawakuona, au ule wa kukataa kufunzwa baada ya kusifiwa? Kwa sababu sisi tuliotoka chuoni tunapenda kuamini tunao wa kwanza tu. Mimi nina wafuasi kiasi fulani na tayari sipendi kurekebishwa. Juzi mtu alinisahihisha tarehe, nikamfungia. Nimemfungulia, lakini nilimfungia kwanza.

Waliobeba hii kazi mbele ni wale mafizio ambao majina yao hamtayaona kwa video yoyote. Walichukua blanketi na kuacha nadharia. Walikubali kufunzwa na mtu asiye na cheti, halafu wakakataa kumwabudu. Na haikuishia hapo: Aprili 1955 chanjo ya Jonas Salk ikatangazwa kuwa inafanya kazi, na miaka michache tu baadaye wagonjwa wa polio wakaanza kuisha Marekani. Mtu amejifunza polio, amejifunza polio upya, sasa polio hakuna. Taasisi ya Kenny yenyewe ikageukia wagonjwa wengine, wa uti wa mgongo, wa baridi yabisi, wa kiharusi. Bado ipo Minneapolis, siku hizi inaitwa Courage Kenny. Mafizio wakakaa darasani tena. Kwa hivyo kile shosho anafanyiwa leo kimepita kwa mikono ya watu waliokubali kuanza upya mara mbili, tatu.

Leo mambo haya ni sheria, si hiari, na kila nchi ina mtindo wake. California fizio anatakiwa masaa 30 ya mafunzo kila miaka 2, la sivyo leseni haihuishwi. Australia, nchi iliyomkataa Kenny, masaa 20 kila mwaka. Uingereza wao hawahesabu masaa. Unaweka kumbukumbu zako, na wakati wa kuhuisha usajili wanachagua asilimia 2.5 ya watu bila mpango na kuwaambia, haya, tuonyesheni mlichojifunza na kilimsaidiaje mgonjwa. Hilo swali la mwisho nalipenda sana.

Kenya tulipata sheria yetu ya mafizio 2014, ikaunda Baraza la Fiziotherapia. Leseni ni ya mwaka, na kuihuisha unahitaji pointi za mafunzo endelevu. Kwa karatasi, safi kabisa.

Lakini mimi nimeona upande mwingine. Kazi yangu ingine ni kurekodi matukio, na kuna siku niliitwa kwa hoteli moja, sitaitaja, semina ya watu wa afya wa kada mbalimbali. Saa mbili asubuhi rejista ilikuwa na foleni ndefu. Watu wakasaini. Saa nne chai na mandazi. Baada ya chai nilizungusha kamera nipate picha ya ukumbi uliojaa, nikakosa. Nusu ya viti vilikuwa na begi za semina tu, zimekaa wima kama wanafunzi wazuri. Aliyeniajiri akaniambia nikaribie wale walio mbele, nisichukue picha ya mbali. Nikachukua karibu. Nilihitaji hiyo pesa, na nimejua tangu siku hiyo kwamba pointi zilienda kwa begi.

Nilimwambia fizio wa shosho hii story nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniambia yeye analipa kozi kutoka mfukoni, kwamba kozi nzuri, ile ya siku nne na wagonjwa wa kweli, inakula karibu nusu ya mshahara wake, na ile ya kukaa kwa hoteli ukisikiliza slaidi ni ya bei rahisi na pointi zinahesabika. "Sasa niambie wewe," akasema, "mwenye watoto watatu shule atachagua gani?" Sikuwa na jibu. Na wale walioondoka baada ya chai, kusema ukweli, sijui wangapi walikuwa wanarudi zamu. Simtetei mtu, lakini ukiweka sheria ya pointi na humpi mtu siku ya mapumziko wala nauli, hiyo sheria utapewa sahihi na mafunzo hutapewa. Wale wa 1942 walilipiwa. Kulikuwa na wakfu unaochangisha dime kwa dime nchi nzima. Tusahau kofia ya Kenny kidogo tuongee kuhusu hilo.

Na nyinyi mnaoenda kwa fizio, kuna kitu unaweza kufanya bila kumdharau mtu: muulize ni lini mara ya mwisho alibadilisha anavyotibu mgongo. Kwa mgongo kuna mfano rahisi. Zamani mtu akishikwa alikuwa anaambiwa alale wiki nzima. 1986 Deyo na wenzake walilinganisha siku 2 za kulala na siku 7, na wale wa siku 2 wakakosa kazi siku chache zaidi bila kuumia zaidi. Miaka 40 sasa imekaribia. Bado kuna watu mtaani kwetu wanalazwa wiki. Au barafu: Gabe Mirkin, daktari aliyeeneza ile kanuni ya kupumzisha na kuweka barafu kwa jeraha katika kitabu chake cha 1978, alirudi 2014 akaandika kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Mtu mwenyewe, kanuni yake mwenyewe. Mimi hapo nilimvulia kofia.

Shosho sasa anatembea na fimbo. Mkono wa kushoto umerudi, isipokuwa kidole gumba kinakataa vifungo vya sweta. Kila Alhamisi yule kijana akimaliza mazoezi, shosho humuuliza kwa Kikuyu kama wiki hii kuna kitu wamemwambia huko kwa masomo. Wiki iliyopita akamjibu, "Bado shosho, ni ya mwezi wa tisa, naweka pesa kidogo kidogo." Shosho akamwambia basi akienda aulize kuhusu kidole gumba, kisha akaniambia mimi nimfunge vifungo.